Mkono wa Kulia wa Baba

Kiirua, 9 Februari 2025

Kwa kaka yangu Mwenda,

Hamjambo huko Embu? Igoki na mtoto wanaendeleaje? Sisi tuko salama, ila baridi. Baba ni vilevile tangu apooze miaka mitatu iliyopita: ulimi haugeuki, mkono wa kulia umelala. Kwenye simu angesikia kila neno, nyumba yetu unaijua, vyumba vimetengwa kwa pazia tu. Ndiyo maana nimempa Mutuma wa lori barua hii akileta viazi huko.

Ile mandolini ambayo babu alipewa na mfungwa Mwitaliano wakati wa vita, Baba hulala nayo tangu ashindwe kuipiga. Jana nililipangusa lile tumbo lake la mviringo, nikapitisha kidole kwenye nyuzi. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akazibana shingoni. Nikapiga tena. Mwenda, ukatoka wimbo! Yeye anabana, mimi napiga. Nyuzi nane, mbilimbili, zimeota kutu, na bado sauti yake inajaa nyumba nzima. Baba alilia. Mimi pia.

Dada yako,
Gatakaa


Embu, mtaa wa Dallas, 2 Machi 2025

Kwa Gatakaa,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, mtoto ameota jino. Barua yako niliisoma nikasimamisha cherehani, mpaka Igoki akauliza nani amekufa. Nimefurahi mno. Endelea hivyo hivyo, Mungu amekuonyesha kazi yako.

Kuja sitaweza, sare za shule zimejaa mezani. Lakini hiyo mandolini ni ya zamani sana, na baridi ya huko itaiharibu. Mpe Mutuma, nikuwekee hapa ukutani.

Kaka yako,
Mwenda


Kiirua, 25 Mei 2025

Kwa kaka Mwenda,

Salamu kwenu nyote. Mgongo unaniuma kidogo, mengine ni sawa. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya hasira.

"Kazi yako," ulisema. Sasa Baba hali chakula mpaka tupige. Nikienda sokoni hugonga mandolini kwa vidole mpaka nirudi. Watu wa kanisa huja kusikiliza, na Mama Nelius ananiambia, "Wewe huwezi kuolewa sasa. Nani atakuwa mkono wa mzee?" Wanacheka. Natabasamu.

Chuo cha ualimu huko Embu kimeniita. Kinafunguliwa tarehe mosi Septemba. Nilimwambia Baba, akageukia ukuta. Jumanne nilibeba mkoba nije tuongee ana kwa ana. Nilikuwa mlangoni nikaona vidole vyake vikitembea peke yake kwenye nyuzi, bila mpigaji. Nikarudi. Usidhani ni huruma tu. Nilitaka kujua ni wimbo gani. Hapo ndipo ninapoogopa, Mwenda: naipenda hii mandolini. Nikikaa mwaka mwingine sitatoka tena.

Habari ya kuiweka ukutani, acha. Njoo ujifunze kuipiga.

Dada yako,
Gatakaa


Kiirua, 21 Septemba 2025

Kwa Gatakaa,

Hujambo, mdogo wangu? Masomo yanaendaje? Igoki anasema wikendi unalala kwetu na mtoto amekuzoea. Baba ni mzima.

Ulipoondoka kwenda chuo nikashika nafasi yako, alinificha mkono siku kumi. Nilipiga nyuzi, akaziacha wazi. Alikunywa uji tu, kidogo. Siku ya kumi na moja nilikosea vibaya, akakasirika, akanisukuma na kiwiko, kisha akabana. Tulipiga ubeti mmoja. Sijawahi kuwa karibu na Baba hivyo, hata nikiwa mtoto.

Sasa hataki niache. Cherehani nililoleta nikilikanyaga tu, anaanza kugonga. Kitambaa cha mteja kimelala hapo kimekatwa nusu. Tangu siku ile sijavuka lango. Jana nilisimama mlangoni nikitazama magari yanayoenda Nanyuki mpaka chai ikapoa mkononi.

Igoki alinipigia akauliza nitarudi lini. Baba alikuwa ananitazama. Nikasema, "Huku tuko sawa kabisa."

Miaka mitatu, Gatakaa. Wewe ulikuwa ukimwambia nani haya?

Kaka yako,
Mwenda