Kerneli ya zamani sijaifuta

Gasenyi, Jumanne usiku

…na bado imenigomea. Nimeweka kerneli mpya, kile kiini kinachoamsha ordinateri, kompyuta yetu, nikawasha, skrini ikabaki nyeusi. Dada yangu Esperansi akapiga kelele, maana kazi yake yote ya chuo imo mule.

"Umeua mashini, we!"

"Apana, tulia. Ya zamani sijaifuta."

Nimeshamwambia mara ngapi? Siwezi kufuta ya zamani mpaka mpya iwake vizuri. Nikawasha tena, nikachagua ile ya zamani, ikaamka. Kazi yake ipo. Nilijisikia fundi mkubwa, mjinga mimi.

Kwa sababu jioni nimemwona Mama Klodine, jirani wa mbele, anaondoka na watoto, godoro kichwani. Kila akikimbia masasi, risasi za vita, huniachia ufunguo nimwangalilie nyumba. Mambo yakitulia, anarudi kuuchukua.

Leo nimenyoosha mkono kama kawaida. Akauangalia tu.

"Haina faida," akasema. "Mlango nimeacha wazi."

Hakutaka kusema amesikia nini.

Mpaka sasa mlango wake unagonga-gonga na upepo. Sisi hata mizigo hatujafunga.