Mnazi wa Mghoi, Pangani

Dada Wakesho,

Salamu tele kutoka Pangani. Huku joto limekaza, nami sijaacha kucheka tangu jana. Nyumba tumeipata! Ila Mkenya kama mimi hamiliki ardhi Tanzania, kwa hiyo hati ina jina la mume wangu Mhina peke yake. Najua hilo ndilo linalokukosesha raha huko Voi. Sasa sikiliza.

Jana, funguo zikiwa mkononi, nilimwita mkwezi aniangushie madafu uani. Nilikuwa nagugumia la pili alipoingia jirani yetu, Bi Mwanaisha, na mkongojo wake.

"Shikamoo," nikamwamkia, maji yananichuruzika kidevuni.

"Marahaba, mwanangu. Matamu?"

"Matamu mno, bibi!"

"Alhamdulillahi. Nyumba mmenunua, lakini minazi ni yangu. Huku ardhi ina mwenyewe, na mti una mwenyewe."

Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, hata kama si yangu! Bi Mwanaisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kisha akapita akiigonga minazi kwa mkongojo, mmoja mmoja, akasimama penye ule ulioinamia jikoni.

"Huu nakupa wewe, si mumeo. Mwanamke hakai ugenini bila chake."

Basi wabusu watoto, nawe ulale usingizi mnono. Mhina ana hati, mimi nina mnazi, na leo asubuhi amekuja kuniomba ruhusa ya kuangua dafu.

Mdogo wako akupendaye,
Mghoi