Damu Inayokumbuka Mariakani

Jumanne.

Na ni mimi niliyejipeleka! Mke wangu Wambui alikuwa anapimwa kliniki ya mimba hapa Ruiru, nami nikajigamba: "Daktari, nipime na mimi. Damu yangu ni safi kuliko maji ya mto Chania."

Wambui hana kitu. Kipimo changu cha kaswende kikatoa mistari miwili, yaani ninao.

Nilitibiwa zamani kule Mariakani, nikiwa utingo wa lori. Nikadungwa sindano, nikapona. Mtu wa maabara akanielewesha: "Mzee, hiki kipimo hukumbuka hata ugonjwa uliokwisha. Tutapeleka damu nyingine Thika, ndiyo itasema kama bado unao. Majibu Ijumaa."

Siku tatu! Mimi niliyevuka mipaka ya nchi tano, nimekwama kwa tone la damu.

Wambui hakulia. Aliniuliza tu, "Baba Njeri, miaka tisa ya ndoa ulikuwa unangoja nini kuniambia?" Nikatafuta mzaha, nikakosa hata mmoja.

Naogopa hataniamini tena, hata majibu yakiwa mazuri. Nimemwambia nitaenda kuyachukua peke yangu.

"Tutaenda wawili," amesema. "Na njiani utaniambia yote, bila mizaha."