Kaburi Lako Sichimbi

Mdogo wangu Nikodemu, huko Ugalla,

Nakusalimu toka Mpanda mjini, jua linaunguza. Hapa misheni kuna padri mzee, moyo wake mbovu. Anapiga kampira kwa fimbo ya chuma, halafu anakafuata kwa miguu uwanja mzima. Wanaita gofu. Anasema huko kutembea ndiko kunakomweka hai. Jana nilimbebea mfuko wa fimbo na nikamwacha nyuma! Kwenye kichuguu pumzi ikaniishia, nikakaa. Padri akanifikia, akaniuliza:

"Mzee, umechoka?"

"Nani? Naangalia kampira kalipoangukia," nikamjibu.

Wewe tangu tumzike shemeji, mke wako, umelala tu, miguu imevimba. Amka, tembea hata mpaka kwenye mizinga ya nyuki. Nikirudi nikukute umesimama mlangoni. Kaburi lako sichimbi, nimekataa.

Kaka yako ambaye hajachoka,
Bonifasi