Wimbo wa Mshika Mwavuli

Tarehe 3 Machi

Kwa mdogo wangu,

Salamu. Sisi hatujambo, ila goti la mama limevimba hadi anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Wewe najua mzima, watu wa bosi wako hawaugui bila ruhusa.

Jana tukiwa tunashona sare za shule, redio ilipiga wimbo mpya. Wenzangu walicheka mpaka mashine zikasimama. Sikiliza:

*Mshika mwavuli, bega lachuruzika,*
*Mkubwa mkavu, ndani keshafika.*
*Muulize hali, meno yafunguka:*
*"Leo, ndugu yangu, sisi tumekauka."*

Mimi sikucheka. Niliijua hiyo "sisi". Barua zako zimejaa hizo: sisi tumehamia ghorofa ya sita, sisi tumenunua gari jeusi. Gari hilo umewahi kukaa kiti cha nyuma?

Mama atapasuliwa goti tarehe 14. Amesema hapandi kitanda cha upasuaji mpaka kitinda mimba wake awe mlangoni. Njoo.

Dada yako

Tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mpe mama pole.

Mimi ni msaidizi binafsi wa mkurugenzi. Wimbo huo ni wa wavivu wasio na kazi, nao hupendwa na watu wa kukaa kutwa na sindano. Mwavuli nimeushika mara chache tu, kwa heshima.

Ila kuna mtu anamwambia huyo mwimbaji habari zangu. Nikipita korido, makarani wanaguna sauti ya wimbo huo. Nitamtafuta huyo mwimbaji aniombe radhi.

Tarehe 14 tunafungua ghala jipya, na mvua ndiyo hii. Mwambie mama asinisubiri, daktari hahitaji mimi.

Mdogo wako

Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo, kwa maana ya kwamba yu hai.

Tarehe 14 alikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi. Kila viatu vilipolia kwenye korido aliinua kichwa. Saa saba daktari alichoka, akampa mwingine nafasi. Nyingine ni tarehe 11 Juni. Nilimrudisha nyumbani nimemshika kwapa, na njia nzima alikutetea. Alisema kazi za wakubwa zina mambo mengi. Nilitamani kukuzaba kibao.

Ghala limefunguka vizuri? Halikulowa?

Dada

Tarehe 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mwili ni mzima, mengine utasoma mwenyewe.

Nilimpata yule mwimbaji. Ni fundi viatu, ana kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Nilimuuliza kwa ukali nani kampa habari zangu. Hakuacha hata kupiga msumari. Akasema, "Wewe ni wa tisa. Nilimtungia shemeji yangu. Nyinyi wengine mmejileta."

Nikamuuliza hao wanane ni akina nani. Akasema wa juzi, mtu mnene mwenye miwani ya dhahabu, alikuja na gari jeusi, akafunguliwa mlango na dereva, akafoka kwamba hajawahi kumshikia waziri mwavuli hata siku moja. Dada, ni yeye. Ni bosi.

Nilicheka peke yangu njia nzima, halafu kicheko kikaisha. Miaka saba nasimama nusu hatua nyuma yake, mkono juu, maji ya ukingo wa mwavuli yananiingia kwenye kola. Nikirudi mezani nasema tumefika salama. Wimbo ni wangu, neno kwa neno. Najidharau.

Kesho yake ilinyesha. Gari likasimama, akabaki ndani akiningoja. Nikatoka nikaufungua mwavuli.

Juni nitakuja. Mwambie mama.

Mdogo wako

Tarehe 13 Juni

Kwako,

Habari za huko sikuulizi, barua yako ya tarehe 8 imenipa zote.

Ilifika asubuhi ya tarehe 11, mama akiwa ameshavaa gauni la hospitali. Akaniambia nimsomee. Nilisoma salamu, nikasoma jinsi unavyompenda, nilipofika kwenye "lakini" akanyoosha mkono akaichukua, akaikunja, akaniambia niiweke kwenye mkoba. Hakulia. Ningefurahi angelia.

Zamani nilikudharau kwa huruma kidogo, nikisema mtoto hajijui. Sasa umeusikia wimbo, umeuelewa kuliko wenzangu walioucheka, umeuandika kwa mwandiko mzuri, kisha ukarudi kusimama palepale. Mjinga nilikuwa namvumilia. Wewe sina la kukufanya.

Muuguzi alikuja na karatasi. Akauliza kama kuna mtu mwingine wa familia anayesubiriwa.

Mama akasema, "Hakuna. Tuanze."

Goti linapona. Jana ametembea mpaka mlangoni, hakuangalia nje.

Fundi cherehani