Sikio la Mkwe

Jumatatu, 7 Machi 2011

Mvua tena hapa Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi. Nimepalilia maharage hadi mgongo ukakataa. Chai bila sukari. Naomba radhi kwa mwandiko huu, kalamu inavuja. (Ninamwomba nani radhi? Hakuna asomaye humu ila mimi. Mazoea ya misheni.)

Furaha, binti yangu, amepiga simu kutoka kambi ya jeshi ya Mbarara. Mume wake, Koplo Mugisha, ameteuliwa kwenda pwani kujifunza kuzamia. Basi lao litaondoka wiki ijayo. Anaomba niende nikamfundishe misingi, asije akaonekana mjinga mbele ya wenzake. Amekumbuka kwamba nilipokuwa mwalimu wa sayansi kule Uvira, wakati wa likizo niliwakalimania wazamiaji waliokamata samaki wadogo wa rangi katika Ziwa Tanganyika, wakiwauza ng'ambo. Kanuni zao zote nilizitia katika Kiswahili mimi. Kuogelea sijui.

Nimefurahi kupita kiasi. Si adabu kwa mtu wa umri wangu. Bahari sijaiona kamwe, ila katika kitabu cha picha cha mapadri.

Jumatano, 9 Machi

Nimefika Mbarara. Matope tangu Masha. Abiria tuliteremka kusukuma gari. Viatu vyangu vya kanisani vimeharibika.

Mlinzi wa lango aliniuliza: "Muzee, unaenda wapi na hiyo beseni?" Nikamweleza kwa heshima kwamba ni kifaa cha somo. "Somo ya kuoga?" Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuchelewa.

Somo la kwanza, uani. Nilibandika karatasi ndani ya glasi, kwenye kitako, nikaifudikiza na kuizamisha katika beseni. Karatasi ikatoka kavu. Hewa inashika nafasi yake. Kisha bomba la sindano lisilo na sindano: ziba tundu kwa kidole, sukuma. Hewa inajikunja, haipotei. Achia, inarudi. Ndivyo kilivyo kifua cha mzamiaji. Kwa kina cha mita kumi hewa inabanwa hadi nusu ya ujazo wake. Ukipanda, inatanuka tena. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usizuie pumzi kamwe. Anayepanda huku amefunga koo anapasua mapafu yake mwenyewe.

Mugisha alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda, chini yangu, macho ardhini. Kwa kila jambo: "Ndiyo, muzee." Kwao ndivyo walivyomlea. Baba wa mke habishiwi.

Furaha alipika sombe, mtoto wao akiwa mgongoni. Mugisha alikula sahani mbili. Nilimuuliza kama anaipenda. "Ndiyo, muzee." Mtoto wa wafugaji wa Ankole kupenda kisamvu kiasi hicho! Nimeguswa sana.

Ijumaa, 11 Machi

Leo viumbe vya pwani. Nimesema mno, najua. Matumbawe, ambayo mtu huyadhani mawe kumbe ni wanyama wadogo waliojenga mji. Pono, mwenye mdomo kama wa kasuku, anayetafuna matumbawe na kuyatoa nyuma yakiwa mchanga. Mugisha alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza: "Kumbe wazungu kule pwani wanalala kwa mavi ya samaki!" Kisha akaziba mdomo kwa kuwa nipo. Samaki-jiwe, mwenye sumu mgongoni: usikanyage usichokitambua. Rangi nyekundu, inayotoweka kwanza kadiri unavyoshuka, hata damu yako mwenyewe ukaiona ya kijani kama maji ya majani.

Na kiti cha pweza. Jina hili nimelipenda tangu utoto. Mnyama mwenye mikono mitano, asiye na kichwa, akikatwa mkono anaotesha mwingine. Nilimwomba Mugisha akimwona amtazame vizuri kwa niaba yangu, aje anieleze anavyotembea. Nilikuwa kama mtoto anayeomba peremende.

Jambo moja limenisumbua. Ninapozungumza upande wake wa kushoto, hageuki. Ninapozungumza kulia, anageuka. Nilimuuliza: "Masikio yako ni mazima?" Akainua kidole gumba: "Iko sawa kabisa, muzee."

Nikamsahihisha kuhusu kidole tu. Chini ya maji gumba la juu si "sawa", ni "ninapanda". "Sawa" ni duara la gumba na kidole cha shahada. Kuhusu sikio nilinyamaza.

Jumamosi, 12 Machi

Furaha amenifuata kwenye kamba ya nguo. Alisema akinipa mgongo, akianika: "Papa, sikio yake ya kushoto inatoka maji siku mingi. Anaweka pamba. Bakubwa ba jeshi bakijua batamutosha kwa kozi, batatuma mwingine. Alinikataza kusema kwa mutu. Lakini weye si mutu, weye ni papa."

Kisha akaniapisha nisimwambie mumewe kwamba amesema.

Siwezi kutulia. Nimezunguka ua mpaka jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Jumapili, 13 Machi

Misa huko Nyamitanga. Sikusali. Niliwaza sikio.

Maji yanasukuma kiwambo cha sikio tangu mita chache za kwanza. Mzamiaji hubana pua na kupuliza polepole ili hewa isukume kutoka ndani. Kiwambo kikiwa na tundu, maji baridi huingia hadi ndani, kwenye kiungo cha mizani ya mwili. Mtu anazunguka. Hajui juu wala chini. Anaweza kuogelea kwa nguvu zote kuelekea chini akidhani anapanda.

Niandike ukweli, hapa angalau. Ninataka aende. Ninataka kiti changu cha pweza. Nimejiambia kwamba labda ni nta tu, kwamba kule kuna madaktari. Pia mtu amesema "ndiyo", na mimi ni nani nimwite mwongo? Hoja nzuri zote. Zinanukia woga.

Marehemu mke wangu angekwisha kusema. Yeye hakuwa na adabu ya namna hii. Alikuwa na upendo.

Jumatatu, 14 Machi

Nimemuuliza tena, kwa kuzunguka. Je, huwa anapata mafua? Hapana. Kizunguzungu? Hapana. Yuko tayari? "Ndiyo, muzee." Sahani mbili za sombe.

Nimechukia. Si yeye, ni hiyo "ndiyo". Nimeipokea siku zote kama zawadi, na ndani hamna kitu. Nikimkaza atazidi kuisema. Nikimwambia ninachokijua, nimemsaliti Furaha. Basi linaondoka keshokutwa alfajiri.

Kalamu imevuja tena. Radhi.

Jumanne, 15 Machi

Imetokea. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilimwambia kwamba limebaki somo la ishara, na kwamba chini ya maji hakuna cheo, hakuna mkwe, hakuna mzee. Kuna wenzi wawili tu, na kila mmoja anashikilia uhai wa mwenzake. Atakayetikisa kichwa au kufungua mdomo ameshindwa somo. Yeye ni askari. Amri ya somo anaielewa.

Tuliketi ana kwa ana, magoti yakikaribia kugusana. Haijawahi kutokea. Nilimwonyesha: kiganja bapa kinachoyumba ni "kuna tatizo". Kisha unaonyesha kwa kidole tatizo lilipo. Tulifanya mazoezi. Hewa imepungua. Mguu umekaza. Ninapanda. Alikuwa mwepesi kuliko mimi.

Kisha nikamtazama machoni, nikafanya duara: sawa?

Duara.

Nikashika sikio langu la kushoto, nikafanya duara tena.

Mkono wake ulibaki pajani. Kuku walikuwa wakiparuza nyuma ya jiko. Furaha alikuwa ameacha kuosha vyombo. Nikaliweka duara hewani, nisilishushe, mpaka bega likauma.

Kiganja chake kikainuka. Kikayumba. Kidole kikagusa sikio la kushoto.

Nilifanya gumba la juu. Tunapanda. Naye, baada ya muda, akafanya gumba la juu. Machozi yalikuwa yakimtoka, akiwa amekaa wima kama kwenye gwaride.

Mchana alikwenda mwenyewe kwa daktari. Tundu kwenye kiwambo, na usaha. Jina lake limefutwa. Anakwenda mwingine.

Jumatano, 16 Machi

Basi limeondoka. Mugisha alikuwa zamu langoni. Yeye ndiye aliyelifungulia kizuizi. Mimi nilipotoka na beseni langu alinipigia saluti, hakunitazama. Nilitaka kuomba radhi. Sikujua kwa lipi.

Nimerudi Nakivale. Paa linavuja juu ya kitanda.

Jumamosi, 26 Machi

Hakuna simu. Maharage yameshambuliwa na wadudu. Nimetembea hadi ziwani, nikarudi, nikaenda tena. Ziwa letu lina kina kifupi na limejaa tope na viboko; hapa hakuna wa kuzamia.

Ninajitetea kichwani mchana kutwa. Nimemwokoa. Nimemnyima. Vyote viwili ni kweli na haviketi pamoja. Kijana alikuwa amewaambia kwao wote kwamba atapanda cheo. Sasa anawaambia nini?

Nimekasirika na bahari pia. Upuuzi.

Jumamosi, 2 Aprili

Furaha amepiga simu. Dawa zinaendelea, maji yamekauka. Mumewe haongei sana. Daktari amesema kiwambo kinaweza kuziba chenyewe kikiachwa kikavu. Kama kitaziba, kozi nyingine aombe. Kama.

Nilimuuliza kama Mugisha amenikasirikia. "Papa, sijui. Anafanya ile alama na mutoto. Ile ya duara."

Jumapili, 10 Aprili

Wamekuja, bila taarifa. Mugisha alibeba mtoto begani na mkungu wa matoke mkononi. Nilimpa kiti; alikaa juu ya kiti, si kigoda. Sikio lina pamba safi, ya daktari sasa.

Tulitembea hadi ziwani. Aliniuliza, akiwa ameniweka upande wake wa kulia, kama ni kweli kiti cha pweza hakina kichwa. Nikamwambia ndivyo kitabu kilivyosema. Akasema kitabu kinaweza kudanganya, ni lazima mtu aone. Tulicheka kidogo. Viboko walikuwa mbali.

Mchana Furaha aliandaa sombe, ugali na samaki wa hapa. Mugisha alimaliza samaki. Nikasogeza bakuli la sombe kwake, kama kawaida.

Alikitazama chakula, akanitazama mimi.

"Hapana, muzee. Hii majani mimi siwezi. Tangu zamani siwezi."

Furaha alishika mdomo. Mimi nikalivuta bakuli upande wangu, nikala yote.

Mvua imekatika. Usiku mwema.