Mtaalamu wa Ghalani na Mabano Yake

Mwalimu Masanja,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyenifundisha, nikiwa mwanafunzi wako na baadaye mwalimu mwenzako hapa Somanda, kwamba mtu husalimia kwanza ndipo atoe dukuduku lake. Langu ni kubwa.

Tangu tukuzike, darasa lako la hesabu halijapata mwalimu. Mkuu wa shule, yule aliyelia kaburini mpaka akashikiliwa, sasa anapeleka watoto wake tuisheni. Ndiyo, tuisheni! Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ghala la ushirika likabaki na popo. Humo ameingia bwana mmoja kutoka Mwanza, mwenye tai na viatu vya kuchongoka, anajiita Mtaalamu. Siku hizi kila kitu ruksa, hata ujinga una leseni.

Unakumbuka ulivyotufundisha kutafuta vigawo? Ulitutoa nje, ukachora kwa kijiti shamba la pamba la pembe nne, ukasema, "Eneo mnalo, nitafutieni pande zake." Ukitupa x² + 7x + 12, tukakuletea (x + 3)(x + 4), hukuweka alama ya vema. Ulisema tu, "Rudisha." Tuzidishe mabano mbele yako, tuone kama tunafika tulikotoka. Tulikuchukia kwa hilo, Mwalimu. Tulikupenda pia.

Mtaalamu harudishi. Yeye anaimbisha, watoto wanapiga makofi: "Kutoa na kutoa, weka kutoa pote!" Kwa hiyo x² − x − 12 kwake ni (x − 4)(x − 3). Hata mbuzi wa mnadani Lalago angeona aibu.

Binti yako Holo alikuwa humo. Mkeo alimpeleka kwa sababu mtihani wa kidato cha pili umekaribia, wala simlaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimezidiwa na kidato cha kwanza. Basi Holo akainuka, akarudisha ubaoni bila kuombwa, ikaja x² − 7x + 12. Ghala zima likacheka. Unadhani yule bwana alikagua hesabu yake? Alimwambia arudi kwa marehemu wake akafundishwe. Alimwambia hayo mtoto ambaye nywele alizonyoa msibani hazijaota!

Sasa hataki hesabu kabisa. Jana alikuja kwangu na mama yake, akaniuliza, "Kama baba alikuwa sahihi, mbona huyu ndiye anayepigiwa makofi?" Nikampa chaki, nikamwonyesha mlango wangu wa mbao. Alitugeuzia mgongo. Kisha akaandika (x − 4)(x + 3), akaanza kurudisha polepole, akitamka kila hatua kwa ukali uleule wako, mpaka na kukohoa kwako kabla ya alama ya kutoa, ikaja x² − x − 12 ileile. Mama yake akaangua kilio. Na mimi... basi, na mimi.

Lala, Mwalimu wangu. Nakuahidi Holo ataingia kwenye mtihani ule, na mpaka siku hiyo kila jioni atakuwa kwangu. Darasa lako nitaliomba, mkuu akinuna na anune. Ila kumheshimu yule bwana, hilo usiniombe hata ndotoni.

Mwanafunzi wako,
Kabula